Fundo la Nyasi Juu ya Kisiki

Kitahana, Kibondo

Baba Rehema,

Nakuandikia nikiwa nimekukasirikia, na nataka ulijue hilo kabla sijasema lingine. Watu huwaandikia marehemu wao maneno laini. Mimi pia ninayo, nitayafikia nikitulia. Lakini trekta lako limesimama nyuma ya nyumba, uma zake zimegusa ardhi, makucha yamefumba, kuku wanatagia kwenye kiti chako, na kila asubuhi nikifungua mlango wa jikoni ndicho kitu cha kwanza ninachokiona. Utaniambiaje nisikasirike?

Unaikumbuka siku ulipolileta? Ni mwaka ule kambi moja ya wakimbizi kule Kasulu ilipofungwa na vitu vya godauni vikapigwa mnada. Uliondoka hapa ukisema unakwenda kutazama tu. Ulirudi siku ya tatu ukiwa juu ya trekta, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na mbele yake zimechomoza zile uma mbili ndefu za chuma zilizokuwa zikibebea paleti za unga. Nikakuuliza, sisi tuna paleti gani? Ukacheka. "Mwalimu, wewe fundisha hesabu. Mambo ya chuma niachie mimi." Ukalipeleka kwa fundi wa kuchomelea pale Kibondo mjini, mkakata springi za lori bovu, mkazikunja, mkazifunga juu ya zile uma pamoja na jeki ya mafuta ya kuzifungua na kuzifumba. Hayo ndiyo yakawa makucha. Uma zinapenya chini ya kisiki, makucha yanakikamata kutoka juu, na kisiki kinanyanyuka na mizizi yake yote huku udongo ukimwagika. Aliyewahi kung'oa kisiki kwa jembe na shoka hahitaji kuelezwa kwa nini ulikuwa unatabasamu peke yako njia nzima.

Na mimi nilitabasamu, sikatai. Siku ile ya kwanza kisiki cha mninga kiligoma, yakanyanyuka magurudumu ya nyuma badala yake, nawe huko juu ukaniita kwa sauti ambayo hata waliokuwa kisimani waliisikia: "Njoo ukae nyuma, mke wangu! Wewe ndiye uzito ninaoukosa!" Nilikutukana kwa Kisambaa ili usielewe, nikapanda juu ya madigadi, nikakaa. Kisiki kikatoka. Baadaye ulitengeneza sanduku la mawe likachukua nafasi yangu, na sitaki kukudanganya, nililionea wivu lile sanduku. Jumamosi moja ulinipa hata usukani. Nilivuta kile kijiti cha kunyanyulia kwa nguvu, trekta zima likaruka. Ukaweka mkono wako juu ya wangu. "Usikivute kama unagombana nacho. Vuta kama unafungua mlango wa chumba alicholala mtoto."

Basi, hayo ndiyo maneno laini. Sasa nisikilize.

Mimi ni mtu wa Korogwe. Nililetwa hapa na barua ya ajira, na nilipofika sikujua hata kuitikia salamu ya "mwakeye". Aliyenishika mkono ni jirani yetu Nyanzobe, na jambo la kwanza alilonifundisha, kabla ya salamu kunikaa mdomoni, lilikuwa lile la mafundo. Mtu akikata miti kufungua shamba jipya, wanawake hupita kwenye visiki. Anayekitaka kisiki anafunga fundo la nyasi na kulivika juu yake. Hapo kimekuwa chake. Atakuja na jembe na shoka lake baada ya mavuno, atachimba mizizi, atapasua, atabeba kuni, na mwenye shamba atabaki na ardhi safi bila kutoa jasho. Hakuna anayegusa fundo la mwenzake, hata likauke, hata mwenyewe alale mgonjwa mwaka mzima. Mimi mgeni nililiona hilo kwa mwaka mmoja. Wewe ulizaliwa hapa. Mama yako alikulea kwa kuni za mafundo.

Nilikwambia. Usiku na mchana wa wiki ile ya kabla hujaanza kung'oa nilikwambia! Shamba letu lote lilikuwa na mafundo, na mengi upande wa juu yalikuwa ya Nyanzobe. Nikasema, waite wanawake kwanza, wachukue visiki vyao, au vitoe na trekta uwapelekee. Ukajifanya hamnazo. "Mafundo yapi? Mimi naona nyasi tu." Nilipokukazia macho ukabadilisha wimbo: mvua ya Oktoba haimsubiri mtu, umeshaahidi watu wa Kasanda na Gwarama kwamba utawapelekea trekta, nao watakuja kutazama shamba la mfano. Shamba la mfano! Ukaling'oa lote kwa wiki moja. Ukalundika visiki malundo malundo, uma zikivisukuma na makucha yakivipanga, ukavitia moto.

Wanawake walisimama njiani wakatazama. Hawakupiga kelele, na nilitamani wapige. Nyanzobe peke yake ndiye aliyesogea, akakwita kwa jina lako la utotoni, akakuuliza, "Yewe, ni wewe kweli unafanya hivi?" Nawe ukamjibu kutoka juu ya kiti, injini ikinguruma, kwamba majivu ni mbolea. Akafunga khanga yake vizuri, akaenda zake. Tangu siku hiyo ukipita kwake alikuitikia salamu kama kawaida, ukaniambia, "Unaona? Yamekwisha." Wewe bwana!

Januari ukaondoka kwenda Kasulu kutafuta mpira wa mafuta wa ile jeki, maana ulikuwa unavuja. Presha ikakuangusha ukiwa dukani, umeushika mpira mkononi. Nimeambiwa hukuumwa muda mrefu. Walikuleta na mpira wako umeviringishwa kwenye gazeti, nami nikauweka juu ya kabati ndani ya gazeti lilelile.

Sasa niambie, wewe mzawa, msiba wa Kitahana unakuwaje? Wanawake wanakuja na mzigo wa kuni kichwani. Anayetoka karibu, anayetoka mbali, hata bibi asiyejiweza anakuja na vijiti vitatu. Wanautua uani, ndipo wanaingia kulia. Nimefanya hivyo kwenye misiba ya watu mpaka shingo imezoea. Siku yako walikuja wote. Walinishika kichwa, wakalia nami, wakakaa mikekani. Uani hapakuwa na kuni. Mwanamke baada ya mwanamke, mikono mitupu. Kaka yako ilibidi atume mtu mjini kuleta mkaa, na tulipikia msiba wako mkaa kama watu wa hotelini.

Nilikaa pale nikiwa nimejifunika khanga, na badala ya kukulilia wewe nilikuwa nawatazama miguu wanavyoingia, nasubiri mmoja tu atue mzigo. Nilijiambia, wananiadhibu. Wamemshindwa akiwa hai, sasa wanamlipiza mkewe, huyu wa kuja. Hasira niliyokuwa nayo kwako nikaigawa, nusu nikawapa wao. Wiki hiyohiyo niliandika barua ya kuomba uhamisho kurudi Korogwe, nikaitia kwenye droo nisubiri tu Rehema amalize muhula wake Kasulu. Kama ni kukaa mahali ambapo hata maiti yangu haitaletewa ukuni, kwa nini nikae?

Nilinyamaza mpaka mvua ilipokatika. Halafu siku moja nikitoka shuleni nilishindwa kupita, nikaingia kwa Nyanzobe bila hodi ya maana. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia yote. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya mafiga, anapuliza, macho yanamtoka machozi, moshi umejaa jiko zima. Chini ya chungu palikuwa na magunzi ya mahindi na vijiti vya mihogo vibichi. Maharage yalikuwa hayajaanza hata kuchemka.

"Karibu, mwalimu. Kaa mlangoni, moshi utakuua."

Nikamuuliza kuni ziko wapi. Akanitazama, akaona kwamba siulizi kwa hila.

"Za mwaka huu zilikuwa shambani kwako," akasema. "Ulitaka nikuletee nini siku ile? Magunzi? Nilipita njia ya nyuma ili watu wasinione nakuja msibani mikono mitupu. Na si mimi peke yangu. Wenzangu nusura wasije kwa aibu, mimi ndiye niliyewaambia, twendeni hivyohivyo, mwalimu ataelewa."

Mwalimu ataelewa! Na mwalimu alikuwa ameandika barua ya uhamisho. Walikuwa wanaona aibu, mimi nikasoma chuki. Na yote hayo, yao na yangu, yametokana na wiki yako moja ya haraka.

Upande wa bondeni ulibakiza lundo moja, lile lililolowa likakataa kuungua. Likizo ya Juni ilipofika nilimwita fundi wako kutoka mjini, akafunga mpira ulioufia, akaniwashia injini. Nilifukuza kuku kwenye kiti. Nilivuta kile kijiti kama ulivyonifundisha, mlango wa mtoto aliyelala, na makucha yakafunguka. Nililia huku nikiendesha, na nilipinda uma moja kwenye jiwe, utanisamehe. Nilinyanyua visiki viwili vikubwa vya mninga, nikavipeleka taratibu mpaka mbele ya nyumba ya Nyanzobe, nikavishusha, nikazima injini, nikasubiri anishukuru.

Akavizunguka. Akavigusa. Akatikisa kichwa.

"Havina fundo, mwalimu. Nikivichukua, nimechukua vya nani?"

Nilitaka kupiga kelele. Nikamwambia vyote ni vyao, mafundo yalipukutika vilipolundikwa, nani atajua sasa kipi kilikuwa cha nani? Akasema ndiyo hivyo, hakuna atakayejua, kwa hiyo hakuna atakayechukua. Nikamuuliza, basi tufanye nini, vioze? Akafikiri. Akaniambia nivirudishe. Nivirudishe! Nikavinyanyua tena, nikavirudisha bondeni, watu wote njiani wakinitazama mjane nimepakia visiki nakwenda navyo na kurudi navyo. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini.

Kesho yake asubuhi alikuja na wanawake wenzake wote. Nilivitandaza visiki kwa zile uma, kimoja kimoja, vikakaa kwa nafasi kama vile ndiyo kwanza vimekatwa. Wakapita katikati wakichagua na kutaniana, kila mmoja na nyasi zake mkononi, wakafunga upya. Nyanzobe alinipa nyasi na mimi. Nimekaa hapa miaka yote hii sijawahi kufunga, nilikuwa napikia kuni zako za kununua. Fundo langu lilikuwa baya. Akalifungua, akanishika vidole, tukalifunga pamoja. Kisha nikavinyanyua vyote na kuvipeleka nyumba kwa nyumba, na safari hii hakuna aliyekataa.

Nilidhani yameishia hapo. Siku ya nne nilikuwa nafua nyuma ya nyumba nikasikia miguu. Walikuwa wanaingia uani kwa mstari, Nyanzobe mbele, kila mmoja na mzigo wa kuni kichwani, mninga uliopasuliwa, mwekundu. Wakatua pale palepale ambapo siku ya msiba palikuwa patupu. Hakuna aliyeeleza kitu. Wakanishika kichwa mmoja mmoja, "Pole, mwalimu. Pole kwa kufiwa," kama vile umekufa jana, kisha wakaingia wakakaa mikekani. Ikabidi niinjike maharage.

Nililia siku hiyo kuliko siku tuliyokuzika. Barua ya uhamisho nilikuwa nimeshaitumia kuwashia moto kabla sijakumbuka ni karatasi gani.

Pumzika, Baba Rehema. Mafuta ya trekta nitayabadilisha mwenyewe. Lakini hasira yangu bado ipo, na sasa naijua ni ya nini: zilikuwa kuni za msiba wako, ziliwaka vizuri, na hukuwepo kuota moto wake.

Mkeo uliyemweka nyuma awe uzito,
Mama Rehema