Mvinyo Wangu Hautiwi Sukari

Jumatano. Manyunyu tangu alfajiri, baridi imeingia hadi kwenye mifupa, na mimi nawaka kama jiko.

Nimetoka Lilongwe, nimerudi Dzaleka, kambini kwetu wakimbizi, na chupa zangu karibu zote.

Mimi na mume wangu, Safari, tumekodi kipande cha ardhi bondeni, nje ya kambi, tukapanda migomba. Mbolea ya dukani hatuijui; ni samadi ya mbuzi na majivu tu. Ndizi zake nazifanyia mvinyo kama baba yangu alivyofanya kule Fizi, Kongo. Ni mvinyo mkavu, hauna utamu hata chembe. Dumu halijazwi, huachiwa nafasi ya hewa, likakaa miezi na miezi mpaka mvinyo ufunikwe na utando mweupe. Utando huo ndio mlinzi. Ukiutoa, umejitengenezea siki. Ukiuacha, mvinyo unaiva na kunukia karanga zilizokaangwa.

Majirani wanauona utando, wanasema nafuga uozo. Asiyejua maana haambiwi maana.

Tatizo ni kwamba Safari amechoka kungoja. Tulikubaliana kwamba nisipopata mnunuzi, migomba inang'olewa na mvua zikianza tunapanda mahindi. Leo ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Mama Divine, Mnyarwanda aliyepitia Kongo, ana mgahawa mtaa wa Biwi, huko Lilongwe, na alikubali kuonja.

Kwetu anayeleta kinywaji hunywa kwanza, ili mwenzake aone hakina sumu. Nikanywa. Akanywa na yeye, uso ukamkunjamana.

"Mama Neema, hii iko kali sana! Tia sukari, mama. Bakiliya bangu, hawa banakunywa hapa, banapenda kitamu. Ukitia, mi nabeba yote."

Yote!

Sukari ilikuwa pale pale mezani, na kijiko ndani yake. Nikaifikiria migomba yangu, nikamfikiria Safari na jembe lake. Mkono wenyewe ukakishika kijiko.

Kisha hasira ikanipanda. Miaka yote hii naambiwa nikae wapi, nipokee nini, nani nimshukuru. Nimezoea, nainamisha kichwa, naitikia. Sasa hata ladha ya baba yangu niiombee ruhusa?

Nikakirudisha kijiko. Nikajimiminia glasi nyingine, nikainywa yote mbele ya wateja wake, taratibu, bila kukunja uso.

"Zikomo, dada," nikamshukuru. "Lakini sukari mi sitii. Njo vile iko, hivyo hivyo."

Njiani nilicheka peke yangu, halafu nikalia. Mnunuzi mwingine sina. Sijui nitampata wapi, na leo sitaki kujidanganya.

Safari aliniuliza neno moja tu: "Amebeba?"

Nikamwambia hapana, na sababu nikamwambia. Hakunifokea, afadhali angenifokea. Amekaa mlangoni akalinoa jembe, akasema kesho asubuhi ndipo anaanza kung'oa.

Aanze basi. Mimi nitakuwa nimemtangulia bondeni. Atanikuta nimekaa shinani mwa mgomba wa kwanza, miguu nimeinyoosha, kitenge nimekifunga barabara.

Akitaka kung'oa, aanze na mimi.