Kiingereza cha Mama Kadzo

Jumatatu, 9 Juni
Nimekaanga mahamri, nimeuza, nimempeleka mdogo kliniki. Mgongo hauna raha. Kadzo, mkubwa wangu, karudi na kazi ya Kiingereza imekatwa kwa wino mwekundu. Kazi niliyomsaidia mimi. "My mother is frying mahamri every day." Mwalimu kasema hiyo ni ya sasa hivi, ya kila siku ni "fries". Yaani moja ni anakaanga, nyingine ni hukaanga. Basi, ndilo hilo tu? Miaka yangu yote shuleni hakuna aliyeniambia hivyo. Nilichapwa tu.

Jumanne, 10 Juni
Kadzo hakunionyesha daftari. Kalipeleka kwa Mama Trizah, jirani anayefanya kazi uwanja wa ndege. Nawasikia wakicheka. Nasonga ugali kwa hasira.

Jumatano, 11 Juni
Kumbe Ijumaa wazazi wanakwenda darasani kueleza kazi zao kwa Kiingereza. Mama Trizah ndiye aliyenipasha. Kadzo alimwomba aende yeye. Na mimi nipo, mzima. Mama Trizah kakataa, kaona haya.

Nilimwita Kadzo. Kaitika abee, sauti ndogo. Sikumpiga. Nilimwambia, "Aliyekuzaa ni mimi. Nitakwenda mimi." Kalia. Nami nikalia uani, asinione.

Alhamisi, 12 Juni
I wake. I fry. I sell. Siku nzima, mbele ya karai. Mteja kauliza nazungumza na nani. Nikamwambia na mahamri.

Ijumaa, 13 Juni
Niliyashika maneno yote mpaka mlango wa darasa. Watoto wakanikodolea macho, mdogo akaangua kilio mgongoni, yakatoka makosa yaleyale. I am waking. I am frying. Every day. Wakacheka. Kijana mmoja akaniigiza. Kadzo kalaza kichwa juu ya dawati.

Niliona aibu. Nikaendelea vivyo hivyo hadi mwisho. Kisha nikampa Kadzo ndoo ya mahamri awagawie wenzake. Njiani katangulia mbele, hakugeuka. Nimechoka.

Jumapili, 15 Juni
Tumetoka kanisani. Mdogo kalala. Kadzo kaja na daftari la Kiingereza. Nilimwambia apeleke kwa Mama Trizah, sina ubaya. Hakwenda.

"Mama, yule aliyekuigiza sikumpa hamri."

Nimemwambia kesho ampelekee lake. Kanuna. Kisha kaketi, kalifungua daftari magotini mwangu.