Ukuta Ulio Chini ya Kitanda cha Bibi

Jumatatu, 4 Machi
Tumeanza! Ukuta wa mawe wa stoo ya chini, ule uliovimba kitambi kama mjomba. Stoo imechimbwa ardhini, na juu yake ndipo anapolala Bibi. Fundi kagonga jiwe moja, akatega sikio kama daktari. Kasema tutabomoa kipande cha upana wa mlango, tukijenge, chokaa ikauke, ndipo tuguse kingine. Polepole hivyo? Nikamwambia mikono yangu haijui kusubiri. Kasema basi itie mfukoni.

Jumatano, 6 Machi
Kipande cha kwanza kimesimama. Mawe nimechagua mimi — Fundi kayapanga tu! Bibi hawezi ngazi kwa sababu ya magoti, kauliza kutoka juu, kwa utani wake wa bibi na mjukuu: mume wangu, nitalala salama? Nikamjibu lala hata na tembo, mke wangu. Kacheka mpaka akakohoa.

Ijumaa, 8 Machi
Fundi kaenda kwake, mkewe kajifungua. Kaacha neno moja: usiguse kitu mpaka nirudi. Dada kapita na ndoo ya nguo, kaniona nimekaa. Eti, "Injinia, leo umefungiwa?" Kanichoma!

Jumamosi, 9 Machi
Nimebomoa kipande cha pili. Na cha tatu! Mawe yalikuwa yanatoka yenyewe, nikaona ndiyo ufundi wangu. Kufika jioni nimejenga mpaka kifuani. Nimemwita Dada aje aone. Kaona, kagusa jiwe moja kwa kidole, kapanda ngazi. Bila hata kuniita injinia! Nikamtangazia Bibi: ukuta umekwisha, imara kuliko ule wa zamani. (Haujaisha. Kesho utaisha.) Kampigia shangazi simu kunisifu.

Jumapili, 10 Machi
Mvua tangu alfajiri. Maji yanapenya katikati ya mawe yangu, meupe kama yaliyooshewa mchele. Ni chokaa yangu hiyo inaondoka. Nimesukuma kidole kwenye kiungo, kimezama chote. Na boriti inayobeba sakafu ya Bibi imeshuka. Nimepima kwa macho, nikapima kwa pimamaji — heri macho. Nimesimamisha mti chini yake, mti unazama kwenye tope. Nimetia ubao chini ya mti, ubao unazama. Nikaweka mgongo wangu. Mgongo! Kama vile mimi ni nguzo.

Dada ndiye aliyempigia Fundi, mimi mgongo ulikuwa bado chini ya boriti. Hakufoka. Afadhali angefoka. Kasema nitoke huko chini, nisiguse jiwe hata moja, na Bibi ahamishwe chumba sasa hivi. Yuko njiani, ila barabara imejaa maji.

Jumapili hiyohiyo, mchana
Bibi hataki. Nihame niende wapi, na mume wangu kajenga kwa mikono yake? Dada kamwambia wazi kwamba ukuta haufai. Kamjibu ni wivu huo, unao tangu utotoni. Tumejaribu kumbeba, kang'ang'ania chaga za kitanda, kacheka, kadhani ni mchezo. Dada kaniangalia: sema wewe, anakusikia wewe tu. Halafu katoka mbio kuita majirani.

Basi tumebaki wawili. Nimekaa kitandani kwake. Naandika ili nisimtazame. Nimeshaanza mara kadhaa: Bibi, ule ukuta... Kila nikianza anachukua mkono wangu, anaona chokaa ilivyonibabua, ananipuliza vidole. Pole, mume wangu, umechoka, utanisimulia baadaye.

Mlango umekataa kufungika, fremu imepinda. Chini kuna jiwe limeanguka, nalijua kwa sauti. Kauliza ni nini. Nimesema paka.

Paka!

Sasa kitanda kimeinama upande wangu. Mto wake umeteleza mpaka mapajani kwangu. Kauvuta, ukarudi tena. Anacheka peke yake: tazama, hata mto unakufuata wewe.