Mkebe Unaoangalia Kilimani

Mjukuu wangu Mwende,

Mimi susu yako niko, miguu tu ndiyo imekataa kazi. Wewe sikuulizi hali, kwa maana hujibu.

Nakuandikia juu ya mkebe wako. Unakumbuka ulivyopanda juu ya mabati yangu hapa mtaa wa Jamhuri na sketi, majirani wanatazama, nikakuambia shuka, hiyo si tabia? Ulitaka nyumba zetu zipokezane intaneti zenyewe, hii iipe ile, bila mlingoti wa kampuni. Mwanzoni uliweka vile vijiti vinavyotupa mawimbi kila upande. Ikawa vurugu. Mama Atieno wa nyumba ya pili akiongea na binti yake kwa video, mimi nakatika. Mimi nikifungua ibada, yeye anakatika. Akasema namroga!

Ukacheka sana. Kisha ukachukua mikebe yangu ya maziwa ya unga, ile ya kuwekea njugu, bila kuomba, ukatia kila kijiti ndani ya mkebe wake.

"Susu, sasa kila nyumba itaongea na ile inayoiangalia tu. Hatutaingiliana, na tutafika mbali."

Nikakuambia mkebe ni mkebe. Ukaelekeza mdomo wake kwenye dirisha lako la ghorofani kule Kilimani, ambako intaneti yetu ilitoka. Jioni nikakuona kwenye simu, safi kabisa, hata nywele hujachana. Nilijivuna. Sikukuambia, ungevimba kichwa.

Sasa umeenda ng'ambo, dirisha lile lina mtu mwingine. Mkebe bado unaangalia kule, haupati kitu, na nyumba zote zinazopitia kwangu zimekosa. Mama Atieno amepata intaneti kwa mwanawe, upande wa Ngong Road, akaniomba tuugeuze. Nikakataa. Akarudi tena, nikakataa tena. Ndipo akaniuliza:

"Mama Mutua, kwani unamngoja nani kwenye mkebe?"

Nilimtukana, Mwende. Mtu mzima na mvi zangu. Halafu nikachoka.

Leo fundi amepanda akaugeuza. Ngazi nimeishika mimi mwenyewe. Mama Atieno amemwona binti yake, akapiga vigelegele vya kuudhi mtaa mzima. Mimi nikaingia ndani, nikakaa.

Kwa hivyo usijidanganye eti bado nakutazama kutoka kwa mabati. Huko Kilimani hakuna anayeangalia tena. Nipigie simu kama watoto wa wengine wanavyopiga.

Na uchane nywele kwanza.

Ni mimi,
susu yako, yule yule