Nailoni ya Kiti cha Mbele

Jumapili, 2 Machi 2025

Gari limetimiza miezi miwili. Jipya — kwa maana yetu sisi: limetoka bandarini na halijawahi kuona matope ya Njombe kabla yangu. Baada ya misa nimewapakia kina mama watatu wa jumuiya. Wamekaa nyuma wote, wamebanana, magoti yanagongana. Kiti cha mbele hakikaliwi. Kina nailoni yake tangu yadi ya magari, na haitoki mpaka Telesia mwenyewe akikalie. Nilishasema.

Germana, jirani yangu, mdomo wake hauna breki. Eti kiti hicho ni cha askofu? Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikawaambia ni cha mke wangu. Wakageuka kuangalia nje madirishani. Afadhali wangeendelea kucheka.

Telesia alikwenda Morogoro kwa binti yetu Pendo, kulea uzazi. Tulikubaliana miezi mitatu. Mtoto sasa anakimbia.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Mvua tangu alfajiri. Germana kaomba nimfikishie viazi sokoni, magunia mawili tu, kwa ujirani. Nikatandika turubai. Nikalaza viti vya nyuma. Nikamwambia jembe lake aliache nyumbani. Akasema sawa — halafu akalichomeka katikati ya magunia!

Pale kona ya kushukia sokoni jembe likageuka. Sasa mlango wa nyuma, kwa ndani, una mkwaruzo mweupe kwenye plastiki nyeusi, urefu wa kalamu. "Pole, Baba Pendo," ananiambia, "lakini gari si ni la kubebea?" Anasema kweli. Bado nilimnunia njia nzima, na majivu yangu usoni.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeenda kuuangalia tena. Upo.

Jumamosi, 15 Machi

Nimefanya ujinga. Leo nimeosha sufuria, nikatoka nje na stilwaya mkononi, nikasema ngoja nijaribu kidogo pale kwenye mkwaruzo. Sufuria yangu si inang'aa? Nikasugua. Nikaweka sabuni, nikasugua tena kwa moyo wote. Ilipokauka — Mungu wangu! Pale palipokuwa na mstari mmoja sasa kuna duara zima limepauka, kama goti la mtoto wa shule. Nikapaka parachichi. Ninalo shamba zima la parachichi, kwa nini nisipake? Paling'aa mpaka saa nane. Baadaye wakaja sisimizi.

Telesia angekuwepo angeninyang'anya ile stilwaya kabla sijafika mlangoni. Tatizo la kuishi peke yako ni hilo, hakuna wa kukuambia acha.

Jioni nimempigia Pendo. Kanijibu: mama anamwogesha mtoto, baba, atakupigia.

Hajapiga.

Jumanne, 8 Aprili

Ukungu hautoki. Tangu Jumapili sijaona jua, nguo zangu za kamba ya nje nimezirudisha ndani mbichi. Gari nimelifungia vioo vyote lisiingie unyevu.

Nimekaa ndani yake bila kuliwasha. Nahesabu uharibifu kama karani wa bima. Kapeti la nyuma lina wekundu usiotoka, wa matope ya kijiji cha Kichiwa, siku ile nilipowapeleka watu msibani. Pembeni ya kiti pana alama ya kisigino cha nani sijui. Mfuko wa mlango una punje za mahindi na karatasi ya pipi. Usukani umeanza kulainika pale ninaposhika. Zamani ningekasirika. Leo nimeshangaa tu kwamba watu wengi hivi wamepita humu.

Ndani ya nyumba hakuna alama mpya hata moja. Viti vinne, kimoja ndicho kinachosogezwa. Napika kwa kisufuria kidogo kuliko vyote na bado kinabaki kiporo. Nina upweke. Haya, nimeandika. Hakuna atakayesoma.

Kinachoniuma ni hiki: Pendo alimwambia mama yake habari za gari tangu Januari. Telesia hajawahi kuniuliza hata rangi yake.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Telesia kapiga mwenyewe! Anakuja, Jumamosi ya tarehe kumi Mei. Basi linakwenda Mbeya, litamshusha Makambako, je nitaweza kumfuata? Nikamwambia nitaweza. Nitaweza! Sikumuuliza kama anakuja kukaa au anakuja kupita. Swali lilikuwa mdomoni kabisa. Nikauliza hali ya hewa ya Morogoro.

Ijumaa, 9 Mei

Kapeti nimelitoa, nimelipiga fimbo. Dashibodi nimepaka silikoni, inateleza. Duara la stilwaya halina dawa, nimeliacha. Nailoni ya mbele nimeipangusa kwa kitambaa kikavu. Nzima, haina hata tundu. Germana kapita na bakuli la njegere, eti nimwambie mama Pendo karibu nyumbani. Kachungulia. "Hicho kiti kimemngoja kweli," akasema. Safari hii hakucheka.

Jumamosi, 10 Mei

Makambako. Naandikia hapa hapa garini, daftari juu ya usukani.

Basi limechelewa. Kashuka wa mwisho. Kapungua, au ni mimi nimesahau. Mkoba mmoja. Niliangalia kama kondakta anafungua buti atoe begi lingine — hakufungua.

"Kamwene, Baba Pendo."

Nikaitika kamwene, salamu ya kwetu. Mengine yote niliyoyapanga njiani yakapotea. Nikamfungulia mlango wa mbele, mimi, kwa mkono wangu. Akakitazama kiti. Akaitazama nailoni inavyometa.

"Hapana bwana, nina vumbi la safari. Nisije nikakuchafulia."

Akafungua nyuma. Akakaa, mkoba mapajani, kama abiria aliyekodi. Nilibaki nimeshika ule mlango wazi. Watu wa stendi wananiangalia.

Tukaenda hivyo, yeye nyuma, namwona kwenye kioo. Hatukufika mbali. Kiganja chake kikagusa mlango. Akauliza hapa pamefanywa nini.

"Stilwaya."

Akacheka! Kicheko chake kile kile, cha puani. "Wewe Methodi na stilwaya yako. Ungepewa mbingu ungeisugua." Kisha akasema simama, ng'ambo kuna mahindi ya kuchoma, Morogoro yameshakwisha. Kateremka, kavuka.

Mkoba kauacha kwenye kiti. Sijaufungua. Nimeuinua tu kwa mkono mmoja. Mwepesi.

Basi nimeichana nailoni. Kwa kucha, kwa ufunguo, kwa meno pale pindoni. Miezi minne imenata. Na chini yake — sijui nicheke au nilie. Ukungu. Madoa ya kijivu na kijani kiti kizima, mpaka mgongoni, na harufu ya ghala la mahindi yaliyolowa. Viti walivyokalia Germana na wenzake, na viazi vyao, na matope yao, vizima. Hiki nilichomtunzia ndicho kimeoza.

Nimetandika koti langu. Halitoshi, madoa yanaonekana pembeni. Nailoni yote iko miguuni pangu, inapiga kelele nikijisogeza.

Namwona ng'ambo. Analipa. Barabara hii ina malori, likipita moja simwoni, likiisha yupo. Ana mahindi mawili. Anangoja nafasi ya kuvuka, anaangalia huku.

Nimefungua milango yote ya upande wake, wa mbele na wa nyuma. Achague mwenyewe.