Dozi ya Pili ya Kastam

Jumatatu, 3 Machi 2025

Watu wote Busia hii wanasimulia vibaya! Jacktone wa upande wa Kenya leo anasema pale machinjioni eti mbwa yangu Kastam alitapika mnyoo. Uongo! Ulitoka nyuma — na nyuma nilikuwa mimi. Eti ulikuwa kama kidole. Ulikuwa kama kamba ya mbuzi, na hapo nimepunguza.

Shule sikukanyaga, herufi nilijifunzia kwa magunia ya mpakani, lakini ukweli naujua. Kastam alikonda, tumbo ngoma. Majirani wakasema namnyima chakula. Mimi! Namrushia matumbo mabichi kila Jumamosi! Aboth, daktari wa mifugo wa kule Mulanda, akacheka: Mzee, hayo mabichi ndiyo unampandia minyoo. Akaacha tembe mbili. Moja siku ile, moja baada ya wiki mbili, maana dawa haiui mayai.

Leo ndiyo siku ya tembe ya pili. Nimempa ndani ya mukene, dagaa wetu wa ziwani. Akameza, akalamba mkono. Kidogo tu ashukuru kwa Kisamia!

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu Benedeta ametoa sheria. Mjukuu wetu Jovia ameanza kutambaa, mchanga anakula kama sukari. "Baba Sam, nikiona mnyoo tena hapa uani, mbwa anavuka mpaka. Jacktone atamchukua." Jacktone! Nikamwambia Benedeta, dozi zote mbili zimeingia, tumbo ya Kastam ni safi kushinda sufuria yako.

Mwiko ulinipita sikioni.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa. Kastam ameamka anaburuta matako kwenye mchanga. Na mnyoo huo hapo — mbele ya Jovia!

Jacktone amefika na kamba. Fupi kuliko mnyoo wangu. Aboth naye ameitwa, amechungulia nyuma ya mbwa, anakuna kichwa. "Dozi mbili na bado? Hii dawa haijawahi kunishinda. Basi huyu ana ugonjwa mwingine, mbaya." Benedeta ananawisha Jovia mikono, anaangalia ile kamba.

Nimesema nakwenda choo. Naandikia humu. Wanaita: "Baba Sam! Toka!" Kastam naye analia.

Sasa wewe daftari, mnyoo ni kweli. Kamba ya mbuzi, kweli. Mukene, kweli, alikula — lakini mukene tupu. Jumatatu tumbo yangu ilikuwa inanguruma, nikasema dawa ni dawa. Tembe ya pili nilimeza mimi.