Ua la Safu ya Nyuma

Kaka yangu mpenzi,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi ulichokitaja kimeshakuacha. Wifi na watoto hawajambo? Sisi wawili huku tupo salama, ila magoti ya baba yanamsumbua akipanda ngazi, naye anakana.

Nina habari kubwa, lakini niache niizunguke kidogo kama kawaida yangu.

Ua wa nyuma usingeutambua. Baba alipofunga kibanda chake cha kutengeneza saa nilidhani atakaa kitini ahesabu nzi. Badala yake kote sasa ni maua ya okidi. Hana nyumba ya vioo wala nini. Joto letu linatosha, anasema, kinachotakiwa ni kivuli na upepo. Ametandaza neti nyeusi juu ya nguzo, na vikapu vinaning'inia kwenye waya, ndani yake mkaa na makumbi ya nazi tu. Jirani alipomletea ndoo ya samadi kwa moyo mweupe, baba alimshukuru, akamweleza kwamba mizizi hii inataka kupumua, kisha akaimwaga kwenye mipapai. Kila asubuhi huinua kikapu kimoja kimoja, akijua kwa uzito kama kina kiu. Macho yamechoka, Kaka, lakini vidole bado ni vya fundi saa. Kwa kibanio kile kile cha kazini huchukua chavua ya ua moja na kulipaka jingine, na watu hutoka mbali kuja kutazama machotara yake. Mimi ninayelalamikia matope sakafuni husimama mlangoni nikimwangalia mpaka chai inapoa.

Sasa habari yenyewe. Unalikumbuka lile ua la zambarau alilolilea kwa ajili ya maonyesho, ukalichavusha siku mbili kabla ili umfurahishe kwa chotara mpya, usijue kwamba ua la okidi likichavushwa hunyauka upesi? Maneno aliyokutolea mbele za watu sitayarudia. Uliondoka wiki ile ile, naye akatangaza kwamba amelikata lile tunda la mbegu na kulitupa. Hakulikata. Alilisubiri miezi tisa, akalipeleka kwa mtaalamu wa chuo cha kilimo azioteshe mbegu kwenye chupa, maana ni kama vumbi. Ilirudi miche kumi na mmoja. Ameipanga safu ya nyuma, na kila mmoja una kibao chenye jina lako. Jumanne, baada ya miaka sita, wa kwanza umechanua: rangi ya embe bivu, katikati zambarau. Nililia, sioni aibu kusema.

Hapa nina kosa la kukiri. Barua zako huniandikia mimi, na baba, kwa kuwa alikuwa haoni tena maandishi, alikuwa akiniomba nimsomee, huku akijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Hakuna hata moja ulimomtaja. Nilishindwa kuvumilia. Nikawa naongeza mstari mmoja mwishoni, kwamba unauliza maua yake yanaendeleaje. Kila mara alikohoa kidogo, akatoka kwenda safu ya nyuma. Nimekusingizia wema miaka yote hii, wala sijutii sana.

Basi wiki hii kapata miwani. Kitu cha kwanza alichotaka ni barua zako. Nilizificha siku moja, nikashindwa, nikampa. Alizisoma zote mezani, nami jikoni nasugua sufuria iliyokwisha takata. Hakunigombeza. Alizikunja, akaniuliza kama kweli hukuwahi kumuulizia. Nikamwambia hukuwahi. Akatoka, akamwagilia safu yako, akakaa huko muda mrefu.

Aliporudi alikuwa na fomu ya kusajili chotara mpya. Amejaza kila kitu isipokuwa jina la ua. Anasema jina ni la aliyechavusha kulitoa. Ameniagiza nikuandikie leo leo, na nikuambie kwamba siku ile alikosea.

Fomu iko humu bahashani. Ukiweza, ilete mwenyewe. Ua likiachwa bila kuguswa hudumu wiki kadhaa, basi muda unao, ila si mwingi.

Wifi mpe salamu zangu, watoto uwakumbatie. Baba anakusalimu. Hilo kalisema mwenyewe, Kaka, sikuliongeza mimi.

Mdogo wako,
Kidomo